Kabla ya Gari la Zimamoto, Kuna Jirani

Tangu mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda usalama wa mtaa kwa pamoja, uanzishwe mwaka 2013, vikao vya mitaa yetu Nairobi vimejaa maswali ya usalama: mpangaji mpya katoka wapi, vijana wale wanakesha pale kwa nini. Sawa. Ila ni nadra kusikia mtu akiuliza nani anajua kukata stima ya ploti nzima, au nyanya asiyeweza kutembea analala chumba kipi. Mabati yakishika moto saa nane za usiku, anayefika mwanzo ni jirani na ndoo yake.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto, na wazimamoto huja, tena mara nyingine hupokewa kwa mawe eti wamechelewa. Ni aibu. Gari lenye tani za maji lipite wapi, ikiwa uchochoroni watu wawili wakikutana lazima mmoja akae upande? Njia hiyo imebanwa na sisi wenyewe, kila mwenye nyumba akisogeza mabati futi moja ili apate chumba kingine cha kupangisha. Kaunti ikija na tingatinga tunapiga kelele, na sisemi tunakosea.

Ndiyo maana naisifu Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Ilipotangazwa eneo maalum la mipango, yaani eneo la kupangwa upya kwa utaratibu wake wa pekee, mwaka 2017, wakazi waliketi katika vikundi vya nyumba kumi kumi, wakiandaliwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wakajadili barabara zipite wapi na nani ataguswa. Zilipangwa barabara nyembamba kuliko vipimo vya kawaida, ili wanaohama wawe wachache. Mhandisi angetaka upana zaidi, najua. Mimi nachagua njia ambayo majirani wameikubali, kwa sababu ndio watakaomkemea wa kwanza kuweka kibanda juu yake.

Sasa tazama Embakasi. Tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka huko, mtaa wa Mradi, likaua watu na kujeruhi zaidi ya 200. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo mara tatu mwaka 2023. Barua za kukataa zilikaa kwenye mafaili huku gesi ikiendelea kujazwa katikati ya makazi. Kila ombi la namna hiyo likikataliwa, libandikwe kwenye ubao wa chifu na lisomwe barazani, pamoja na nambari ya simu ya kupiga mtu akiona lori linaingia. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Na kaunti ikitaka maoni yetu kuhusu moto, isituite hotelini mjini Jumatano asubuhi, tusaini karatasi ya mahudhurio, tunywe soda, turudi. Maafisa waje mtaani Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani, na waje na gari lenyewe tuone litakwama wapi.