Tunachambua chenji ya Wamarekani, huku sarafu ya Tabora ikiuzwa kwa kilo

Ukiingia benki huku Ohio, Marekani, na dola 10, keshia atakupa roli moja ya robo dola, vipande 40, bila kukuuliza ni za nini. Kazi ya kusaka sarafu za zamani za madini ya fedha (silver) inaanza mezani. Zipange zikiwa zimesimama, uangalie ukingo. Za kuanzia 1965 zina mstari mwekundu wa shaba katikati. Za 1964 kurudi nyuma ni nyeupe tupu, kwa kuwa asilimia 90 ni fedha. Ukiwa na shaka, pima: ya fedha ina gramu 6.25 na ya kawaida 5.67. Nusu dola za 1965 hadi 1970 huponyoka mikononi mwa wengi. Zina fedha asilimia 40 na ukingo wake una wekundu hafifu, kwa hiyo hapo soma mwaka. Roli zilizofungwa kwa mkono zina matumaini kuliko za mashine, maana huenda mtu kamwaga kopo la marehemu babu yake bila kulitazama. Nyingi hazitakuwa na kitu. Unazirudisha benki, tena tawi lingine, usije ukapewa zile zile.

Haya yanawezekana kwa sababu sheria ya Marekani bado inazitambua sarafu zake za zamani. Daimu ya 1946 inanunua cha senti 10 kama ya mwaka jana.

Kwetu ni tofauti. Chenji ya sokoni Tabora ni 50 ya kifaru, 100 ya Nyerere, 200 ya Karume na simba, na 500 ya nyati iliyotoka 2014. Shilingi ya mwenge ya 1966 na senti 20 ya mbuni huzikuti humo. Thamani ya shilingi ilishuka mpaka zikakosa cha kununua. Anayesema nyumbani hakuna sarafu za kutafuta ametazama mfukoni tu. Zipo kwenye makopo ya vifungo, zimegeuzwa washa kwenye misumari ya bati, zinaibuka shambani jembe linapopita. Na zipo kwenye mizani ya chuma chakavu, jambo linaloniuma kweli, kwa sababu baadhi zilitengenezwa Tabora penyewe.

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na Waingereza baharini, na sarafu kutoka Ulaya haziji. Wakatengeneza zao kwenye karakana ya reli Tabora: heller 5 na heller 20 (heller ni senti ya rupia, pesa ya koloni lao), kwa shaba nyekundu au ya njano, na maganda ya risasi yakiwa sehemu ya malighafi. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikatoa sarafu za rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliokuwa wakitokea magharibi wakauteka mji, na kazi ikaishia hapo.

Heller 20 ina upana wa karibu milimita 29. Tafuta taji, mwaka 1916, D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Kijerumani) na herufi T ya Tabora. Mara nyingi chapa yake imefifia au imekaa upande. Hali ilikuwa ya vita, usiitupe ukidhani ni bandia. Wakusanyaji hutofautisha hata taji kubwa na taji dogo.

Rupia 15 ndiyo inayoigwa sana. Ya kweli ina gramu 7.16 hivi na dhahabu asilimia 75. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ya kidijitali inayosoma 0.01, bonyeza mizani irudi kusoma sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Dhahabu itasoma kama gramu 0.5, shaba ya njano ya uzito huo itazidi 0.8. Jaribio hili halikwangui kitu.

Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za 1921 hadi 1946, zina fedha asilimia 25. Za 1948 kuendelea hazina. Senti 5 na 10 zenye tundu za 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu kabla ya kuvikwa taji. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia kwenye mzunguko, zetu ziliingia. Ni historia nzuri, lakini zipo nyingi, bei yake ni ndogo.

Kosa linaloua thamani nyumbani ni kung'arisha. Ndimu, majivu, mchanga, steelwire: vyote vinaondoa ngozi ya juu ya metali, na mnunuzi huona mikwaruzo mara moja chini ya lenzi. Loweka kwenye maji safi, acha ikauke yenyewe, shika kwa ukingo, tunza kwenye bahasha ya karatasi kavu. Plastiki laini huacha utando wa kijani.

Na anayekuambia rupia ya Mjerumani ina zebaki, au inavuta mchele, anataka hela yako. Rupia ya fedha ni fedha, basi.

Kwa wanaonunua chuma chakavu Isevya na Ng'ambo za Tabora, au Kigoma mjini: kabla ya kumimina shaba kwenye gunia, toa kila kilicho duara, usome mwaka. Andika pia imetoka kijiji gani.