Hela ya umma chini ya bahari: Challenger ilistahili?

Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilikubali kutoa meli ya kivita, mabaharia wake na hela ya walipa kodi ili wanasayansi watano na mchoraji wao wazunguke dunia wakiopoa viumbe na matope kutoka chini kabisa ya bahari. Meli yenyewe HMS Challenger, mizinga mingi ikang'olewa kupisha maabara. Je, ilikuwa sawa wanasayansi kuomba vile?

Mimi naona waliomba vizuri sana. Wanasayansi walioongoza ombi, William Carpenter na Wyville Thomson, hawakuanza na ombi kubwa. Enzi hizo wengi walimuamini mwanasayansi Edward Forbes kwamba chini ya pima 300 (karibu mita 550) hakuna kinachoishi, sasa wao 1868 wakapewa Lightning, meli kuukuu inayovuja, mwaka uliofuata wakapewa Porcupine na hiyo ikashusha wavu mpaka pima 2,435 na ukapanda na viumbe, kwa hiyo walivyorudi kubisha hodi kupitia Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ushahidi walikuwa nao mkononi. Wakaongezea na hoja za kuwavuta wanasiasa, nyaya za telegrafu zinalazwa huko huko chini, afu mataifa mengine yanakuja kwa kasi kwenye utafiti huo huo. Waziri wa fedha Robert Lowe, mtu wa kubana matumizi kwelikweli, akakubali.

Ila upande wa pili una hoja nzito, tena sio ya hela tu. Angalia siku moja ya kazi: wavu unashushwa asubuhi, kuupandisha ni masaa na masaa hata kwa injini ya mvuke, unafika juu umejaa tope, wanasayansi wanachekecha kwa furaha na baharia ndo anabaki kuosha deki. Miaka mitatu na nusu hivyo! Wengi walitoroka bandarini, na 1873 kapi lilifyatuka likamuua kijana mmoja wa melini. Hawa sio walioiomba hiyo safari.

Faida zipo wazi, aina mpya za viumbe kama 4,700, kina cha pima 4,475 kilichopimwa 1875 karibu na visiwa vya Mariana kwenye bahari ya Pasifiki, na ripoti ya juzuu 50 iliyomalizika 1895. John Murray, mmoja wa wale wanasayansi watano, alidai baadaye kwamba kodi na mrabaha wa fosfeti (madini ya mbolea) ya kisiwa cha Christmas kwenye Bahari ya Hindi vilirudishia Hazina zaidi ya gharama yote. Hoja hiyo watu wanaipenda, mimi siipendi, kwa sababu 1872 hakuna aliyeweza kuiahidi, na ukisema utafiti unastahili pale tu unapolipa basi Lightning isingetoka hata bandarini.

Ningekuwa Lowe ningesaini. Ila kabla ya kalamu kugusa karatasi ningeuliza posho ya anayevuta kamba iko wapi kwenye hiyo bajeti, na akifa familia yake inapata nini.