Antena za grafini: tusiitupe shaba mapema

Kwenye meza ya fundi simu pale Mwanjelwa, Mbeya, nilichora mstari mnene wa penseli kwenye karatasi, nikaazima mita yake. Mstari wa urefu wa kidole ulisoma maelfu ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Waya wa shaba wa urefu uleule: karibu sifuri.

Ndani ya penseli mna kinywe kilichochanganywa na udongo, na kinywe ni tabaka za grafini zilizolaliana, kila moja ikiwa utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Ndiyo maana kila habari ya antena za grafini ikitoka, watu huitaja Mahenge na Ruangwa, kwenye madini ya kinywe, kwamba utajiri tunao.

Wanaosema grafini itachukua nafasi ya shaba kwenye antena hawabahatishi. Tangu Andre Geim na Konstantin Novoselov walipoibandua kwa utepe wa gundi huko Manchester mwaka 2004, inajulikana kuwa elektroni hupita ndani yake kwa wepesi wa ajabu. Uzuri wake hasa uko kwenye masafa ya terahezi, yaani mawimbi yanayotikisika matrilioni ya mara kwa sekunde. Huko mawimbi hujibana juu ya uso wake, hivyo antena huweza kuwa ndogo kuliko ya chuma, na ukibadilisha volti tu, masafa inayoyapokea nayo hubadilika. Shaba ukishaikata, umeikata.

Lakini masafa ya simu zetu hayazidi gigahezi chache, yaani mabilioni machache ya mitikisiko kwa sekunde. Hapo tabaka moja la grafini lina ukinzani wa mamia ya omu kwa kila mraba, na nguvu nyingi huishia kuwa joto. Terahezi nazo hunyonywa na mvuke wa maji. Anayeijua Rungwe ya mwezi Aprili, mvua na ukungu, anajua zisingefika mbali. Minara ya mawasiliano ya mlima Loleza iacheni na chuma chake.

Matumaini yangu yako kwenye wino wa grafini. Haufikii shaba kwa kupitisha umeme, ila antena ya lebo inayosomwa kwa mawimbi ya redio kwa umbali wa mita chache haihitaji zaidi. Haushiki kutu, unakunjika na karatasi. Gunia la kahawa la Mbozi lingetambulika kuanzia kiwanda cha kukoboa hadi bandarini.

Tena wino huo hutokana na kinywe. Grafini bora ya vifaa vya elektroniki mara nyingi huoteshwa kwa gesi ya methani, juu ya karatasi ya shaba hiyohiyo. Mgodi wa Mahenge hauhusiki. Kwa hiyo vijana wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wangeanzia kwenye wino: kinywe kilichosagwa na kubanduliwa, fremu ya kuchapia fulana, na mita kama ile ya Mwanjelwa.