Kikohozi kinachobaki baada ya dawa sio baridi

Juni ikifika huku Uyole kila mtoto anayekohoa utasikia "ni baridi hiyo". Hata mi nilisema hivo hivo, mtoto wa dada yangu alipoletwa kutoka Makete ana miezi minne, anakohoa mfululizo mpaka uso unaiva, akimaliza anavuta pumzi kwa sauti kama kifaranga kimekabwa, alafu anatapika maziwa yote. Tukamvalisha masweta mawili, tukasogeza jiko la mkaa chumbani, tukangoja, na kumbe ni kifaduro.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba alipewa antibayotiki, akamaliza dozi, na kikohozi kikaendelea wiki kwa wiki. Mama mkubwa akasema dawa feki hizo, nami nikaanza kukubali, mpaka daktari mmoja akatukalisha chini akatuelewesha vizuri.

Ndani ya koromeo la hewa kuna seli zenye vinywele vidogo sana, vinapiga muda wote kuelekea juu, vinasukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu mpaka kooni tumeze au tuteme. Bakteria wa kifaduro, anaitwa Bordetella pertussis, anajishikiza hapo hapo kwenye vinywele. Akiwa anakua anaachia vipande vya ukuta wa mwili wake mwenyewe na hivyo vipande ni sumu, vinafanya seli za jirani zinazotengeneza ute zitoe gesi ya naitriki oksaidi, na seli za vinywele zinakufa, zinabanduka. Ute unabaki umeganda kule chini, hamna wa kuusukuma, kwaio mwili umebakiwa na fagio moja tu, kukohoa. Ndo maana mtoto anakohoa vile, na ndo maana dawa ikishaua bakteria bado anakohoa, maana antibayotiki haioteshi vinywele, vinaota vyenyewe taratibu. Na sisi tulikuwa tunamfukizia moshi wa mkaa juu ya kidonda, naumia kila nikikumbuka.

Sasa hapo ndo siwaelewi watu wanaosema chanjo ya nini, mtoto akiumwa si atatibiwa. Dawa ikiwahi inasaidia, inazuia pia asiambukize wengine, ila mara nyingi mpaka mtu agundue ni kifaduro sumu imeshafanya kazi yake. Chanjo inawahi kabla. Ni ile ile sindano ya paja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani yake kuna kinga ya kifaduro, pepopunda, dondakoo na mengine. Huyu wetu alichomwa ya wiki ya 6 tu, ya 10 mvua ilikuwa imeharibu barabara, ya 14 watu wako shambani wanavuna viazi.

Na jamani kichanga chenyewe anaweza asikohoe kabisa, anaacha tu kupumua, midomo inakuwa ya bluu, huyo ni wa kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo usisubiri asubuhi. Wengi wanaambukizwa na sisi wakubwa, kinga yetu imeshapungua, tunakohoa wiki tatu na bado tunambeba mtoto.

Mtoto alipona, ila ni mwezi wa tisa ndo tulilala usiku mzima. Dada ana mimba nyingine sasa, nimeshamwambia ile wiki ya 10 hata mvua inyeshe vipi nitapanda mwenyewe Makete nimbebe mpaka kliniki.