Ukiingia ulipita kwa sheha, ukitoka pita tena

Kila mwaka nikifika kwenye somo la mionzi, wanafunzi wangu hutaja mabomu kwanza. Siwalaumu, ndicho wanachokisikia. Mimi huwaanzia na ng'ombe. Nawauliza nani kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa, mikono inanyanyuka, huyu wa Dunga, yule wa Mwera, kisha nawaambia kwamba babu zao wasingeweza kumfuga ng'ombe yule kwa raha, na kwamba waliomwokoa walitumia mionzi ya gama. Darasa zima hunyamaza. Somo letu la sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, lakini hapo mimi hugeuza Kiswahili, kwa sababu kisa hiki ni chao na nataka wakifahamu mpaka ndani.

Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, anayeitwa kitaalamu Glossina austeni, na ngome yake kubwa ilikuwa msitu wa Jozani na vichaka vya jirani. Mbung'o akimuuma ng'ombe humtia vimelea vya ugonjwa wa nagana. Ng'ombe anaishiwa damu, anakonda, maziwa yanakatika, na wale wa kisasa ndio hawastahamili kabisa. Wataalamu walianza kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutega mitego, mbung'o wakapungua lakini hawakwisha. Kuanzia mwaka 1994 yakaletwa madume tasa. Mbung'o hao walikuzwa Tanga, wakilishwa damu kupitia ngozi ya bandia, kisha madume yakapigwa mionzi ya gama kwa kipimo cha kuyafanya tasa bila ya kuyaua. Yakatiwa kwenye maboksi ya karatasi, yakapakiwa kwenye ndege ndogo na kumwagwa juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake, na tena huzaa buu mmoja mmoja, si mamia kama nzi wa nyumbani. Akishapandwa na dume tasa, kizazi chake kimekwisha. Yalimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o.

Wanafunzi wangu hukaa juu ya ardhi ambayo maboksi yale yaliangukia, wanakunywa maziwa yaliyotokana na kazi ile, na katika miaka yote niliyosomesha sijampata hata mmoja aliyekuwa amekisikia kisa hiki kwao. Si kwamba hakikuandikwa. Kimeandikwa sana, na kinasomeshwa katika vyuo vya nchi za mbali kama mfano wa kupigiwa. Ni hapa tu ndipo hakikufika.

Na hili ndilo linalonikera, tena si kwa mbung'o peke yake. Visiwa hivi vimetafitiwa kila upande: mashamba, bahari, umeme, mji, maji ya visima. Watafiti wanakuja, wanauliza, wanapima, wanaondoka. Tumekuwa kama kisima ambacho kila mpita njia anateka na hakuna anayekirudishia hata habari ya ladha ya maji yake.

Mama yangu mdogo analima mwani Jambiani tangu mwanzo wa miaka ya tisini, muda mfupi baada ya kilimo hicho kuanza pwani ya mashariki mwaka 1989. Bamvua likifika, siku zile maji yanapopwa sana, huteremka na wenzake maji yakishapwa, amejifunga kanga mbili, kichwani kapu la mbegu. Mambo, yaani vijiti, yamechomekwa mchangani, kamba zimevutwa baina yake, na juu ya kamba kuna tai-tai, vijikamba vya kufungia mwani, zilizofungwa kila baada ya shibiri. Anakaa chini kwenye maji ya magotini, anafunga mwani kipande kimoja kimoja mpaka vidole vinakunjamana. Zamani akilima kotonii, ule mwani mnene wenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu. Kisha ukaanza kuugua. Unageuka mweupe kama uliochemshwa, ukiushika unakatika mkononi, na mwisho wake kamba inabaki tupu. Akaacha kotonii, kama walivyoacha wengi wa pwani ile.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wawili na mwalimu wao. Walikuwa na barua, walipita kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, kama inavyotakiwa, na sheha akawaelekeza kwa mama mdogo kwa sababu hakuna anayeijua ile pwani kumshinda yeye. Akawapa siku nzima yake ya bamvua. Aliwashikia kamba, akawaonesha wapi maji yanapata moto, wakachukua kipande cha mwani wake mgonjwa, wakakitia kwenye mfuko wa nailoni na kuandika juu yake kwa kalamu nene: 17. Aliwakaribisha madafu, wakanywa, wakashukuru sana. Hawakurudi.

Mpaka leo nikenda kumwangalia sikukuu, akishaitikia shikamoo yangu huniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, ule mwani wangu nambari kumi na saba walisema una nini?" Anauliza kwa dhati kabisa. Kwake yeye ule si utafiti wa mtu mwingine. Ni mwani wake, na alitoa siku yake.

Jibu lipo. Maji ya ile pwani ni madogo, na jua la kaskazi likiyapiga wakati wa kupwa yanapata joto kupita kiasi. Kotonii haustahamili joto kama spinosamu; ukishadhoofika, ugonjwa unaupata kirahisi. Hilo linajulikana kwa miaka sasa. Na wapo waliolirudisha pwani, lazima niseme. Dk. Flower Msuya, aliyetafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, amekaa na wakulima wa mwani miaka mingi, ameleta njia ya kulima kwenye maji makubwa kwa nyavu zilizoshonwa kama mirija, na tangu mwaka 2006 ushirikiano aliouanzisha umewafundisha wanawake kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine kutokana na mwani wao. Ule ndio utafiti ninaouheshimu.

Lakini angalieni tatizo linavyohama. Ukimwambia mwanamke ahame maji ya magotini aende maji makubwa, umemwambia anahitaji chombo, na anahitaji kujua kuogelea, na wengi katika umri wa mama mdogo hawakufundishwa. Hapo mtaalamu wa bahari amefika mwisho wa fani yake, na kazi ya mhandisi ndiyo inaanza: chombo chepesi ambacho wanawake wawili wanaweza kukisukuma mchangani, chenye ubavu mpana kisipinduke mtu akiinama kuvuta wavu uliojaa. Natamani sana mwanafunzi mmoja wa uhandisi aufanye huo kuwa mradi wake wa mwisho chuoni. Lakini atajuaje kwamba unahitajika, ikiwa utafiti wa mwani unakaa kwenye kabati la watu wa mwani, na wa uhandisi kwenye kabati lake?

Kwenye muhogo mambo yalikwenda vizuri, na nadhani naijua sababu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani walipopata mbegu zinazostahamili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, mwaka 2007 walizitoa kwa wakulima kwa majina ya hapahapa: Kizimbani, Mahonda, Kama, Machui. Utafiti ule ulirudi kijijini umefungwa kamba, ni mzigo wa pingili. Mkulima hakuhitaji kusoma kurasa mia.

Si kila jibu linaweza kufungwa kamba, hata hivyo. Mnaikumbuka Mei ya mwaka 2008, njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba ilipokufa na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima gizani? Desemba 2009 ikatokea tena, safari hiyo miezi mitatu. Tulivyoyasimulia ni mashumaa, majenereta na maji ya kuteka. Kumbe mtaalamu wa uchumi, Alfredo Burlando, alipekua kumbukumbu za uzazi za hapa Unguja, na mwaka 2014 akachapisha kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza la 2008 walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Aliunganisha jambo hilo na kipato cha nyumba zilizotegemea umeme: fundi cherehani, fundi wa kuchomea, muuza barafu, kazi zikasimama na chakula kikapungua. Mimi niliyasoma hayo miaka mingi baadaye, kwa bahati tu. Kina mama ambao vitabu vyao vya uzazi ndivyo vilivyotoa jibu hilo wamewalea watoto wale mpaka leo, na sidhani kama kuna aliyewaambia.

Na mji je? Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, pamoja na Kamisheni ya Ardhi walianza kurusha droni wakapiga picha Unguja na Pemba yote, picha safi kiasi cha kuona mkarafuu mmoja mmoja na bati la kila paa. Zikawekwa wazi kwa kila mtu. Nilipozifungua darasani, kila mtoto alitafuta kwao kwanza. Kisha msichana mmoja wa Fuoni akafuata kwa kidole bonde lililojaa nyumba mpya, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo maji ya masika yanapita sebuleni kwetu kwa sababu hii ndiyo njia yake." Alilipata mwenyewe, kwa dakika kumi. Baba yake alinunua kiwanja kile wakati wa kiangazi, na hakuna aliyemwonesha picha kama ile. Kwa nini isichapishwe kubwa, ikatundikwa ukutani katika ofisi ya kila sheha, mtu aiangalie kabla ya kutoa pesa zake?

Maoni yangu basi ni haya. Utaratibu wa kuingia tunao, kibali na barua na sheha. Tuweke na wa kutoka. Mtafiti asihesabiwe amemaliza mpaka apite tena kwa sheha na karatasi moja ya Kiswahili, aiwache ofisini, na akae kitako barazani na waliompa majibu awaeleze alichokiona, hata kama alichokiona ni kidogo. Nimeambiwa na rafiki zangu wa vyuoni kwamba wanafunzi hawana fedha za kurudi. Nauli ya daladala mpaka Jambiani wanaijua kama ninavyoijua mimi. Waliokuwa mbali wapige simu, sheha ana simu. Wengine husema Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Nimemweleza mama mdogo habari ya mbung'o tasa, mionzi na yote, jioni moja tukimenya muhogo, na swali alilouliza baadaye lilikuwa gumu kuliko ya wanafunzi wangu: alitaka kujua walifanyaje kuhakikisha hakuna dume zima lililochanganyika ndani ya boksi.

Bamvua lijalo nakwenda Jambiani na vipimajoto viwili vya maabara yetu ya skuli na wanafunzi wanne. Kimoja tutakifunga kwenye kamba za mama mdogo, kingine kule kwenye mkondo. Yeye ndiye atakayesoma vipimo na wanafunzi wataandika, na daftari litabaki kwake.