Mlango wa Kabati Usiotaka Kufungwa

Mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi chetu cha Bukavu, fundi alinijengea kabati la ukutani ambalo milango yake huingia ndani ya fremu na kulala sawasawa na uso wake, badala ya kuifunika kwa juu. Lilipendeza kweli. Nilimsihi aache mwanya wa milimita 2 au 3 kuzunguka kila mlango. Akacheka, akasema, “Mama, kazi hii naijua,” akaibana milango hata ukucha haupiti.

Mvua zilipoanza Septemba, mbao zikanywa unyevu na kuvimba, kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, kama mbao zote zifanyavyo. Sasa kila asubuhi natoa vikombe kwa kubandua mlango kwa mpini wa kijiko, huku fremu ikilia na rangi ikikwanguka pembeni. Jana fundi alirudi na randa, akapunguza ukingo mmoja, akauacha mtupu bila vanishi, tayari kunywa unyevu upya, kisha akaniomba nauli ya pikipiki.