Kondoo Halalamiki, Mtazame

Huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, ukisema unafuga kondoo watu watakuuliza kwa nini si mbuzi. Mbuzi mjanja, mbuzi ana soko, mbuzi akiumia jirani wote watajua. Kondoo wanamwita mjinga. Mimi siafiki hata kidogo. Kondoo huficha maumivu yake, na kuishi naye kumebadilisha namna ninavyowatazama hata watu.

Mtihani wetu ni masika. Nyasi zinachipua, wanyama wanashiba, na minyoo nayo inastawi kwenye unyevu huohuo. Ule mbaya kuliko yote hunyonya damu tumboni. Kondoo hata haharishi. Utamwona yumo malishoni na wenzake, kumbe damu inamwishia. Kwa hiyo asubuhi nawashika mmoja mmoja, naishusha kope ya chini kwa kidole gumba, natazama. Ikiwa nyekundu, namwachia aende. Ikiwa imepauka, anapata dawa papo hapo. Na dawa ni ya mwenye shida tu, maana ukiwanywesha wote kila mara minyoo huizoea, na siku ya haja haitakufaa kitu.

Tunapenda kondoo wa aina ya Dorper kwa ukubwa wake, na kweli hujaza macho sokoni. Lakini miaka ya 1990 watafiti walimlinganisha na kondoo mwekundu wa Kimaasai kule Diani, Pwani yetu hii hii, na yule mwekundu ndiye aliyehimili minyoo zaidi. Inaniuma kuona tunamdharau mnyama aliyezoea shida zetu.

Nyumbani ninaye mama mkwe wangu. Ukimwuliza hali atakujibu, "Alhamdulillahi mwanangu, mimi mzima," hata goti likiwa halimbebi. Wazee wetu wengi ndivyo walivyo, hawataki kuwa mzigo, nasi tunaondoka tumeridhika kwa sababu tumeuliza. Naona hiyo haitoshi. Mimi hukaa naye jikoni akikuna nazi, nikaangalia anavyoinuka kwenye kibao, kama mkono unatafuta ukuta, kama chakula chake kimebaki sahanini. Nikiona mguu umevimba sibishani naye kuhusu uzima wake. Namletea buibui, naita tuktuk, tunakwenda kwa daktari.